Mti ulio katika ngeli ya A-WA

Kibao cha kwanza nilichoandika katika bustani yetu ya mimea ya asili, kaskazini mwa Minnesota, Marekani, kilikuwa cha mbetula: jina la kisayansi, Betula papyrifera, kisha matumizi. Mitumbwi, vyombo, mapaa ya nyumba. Bibi wa Kiojibwe, mmoja wa wenyeji asilia wa huku, anayetufundisha majina alikisoma, akacheka, akasema nimemwandika mti kama bidhaa dukani.

Ilinibidi nirudi kwenye sarufi. Lugha yao, Anishinaabemowin, ina ngeli mbili tu: wenye uhai na visivyo na uhai. Mitig ni mti, wingi mitigoog, pamoja na watu na wanyama. Mitig huyohuyo akiwa fimbo, wingi wake ni mitigoon, yaani amehamia ngeli ya vitu. Mantiki usiitafute sana: rasiberi, miskomin, ana uhai, stroberi, ode'imin, "tunda la moyo", haina. Ni kama kuuliza kwa nini kiboko ana ki-.

Basi mwenye uhai huombwa. Kabla ya kubandua gome, wiigwaas, unaweka chini ya mti tumbaku kidogo, asemaa. Kazi hii ni ya mwanzo wa kiangazi, utomvu ukiwa umepanda. Unachanja kwa wima, kisu kisizidi gome la nje. Ukiwa umelenga wakati, gome linaachia lenyewe kwa mlio, pwa! Ukizamisha kisu hadi gome la ndani, unaweza kumuua.

Wiingashk, nyasi zinazonukia kama vanila kwa sababu ya kemikali iitwayo kumarini, zilinitia adabu. Nilizipanda katikati ya maua. Mashina yake hutambaa chini ya udongo, na mwaka wa tatu zilikuwa zimeteka kitalu kizima. Siku hizi nazipanda ndani ya beseni lililotobolewa na kufukiwa. Zikikauka harufu huzidi. Husukwa kwa mafungu matatu, kama nywele.

Wageni huulizia manoomin, mpunga-mwitu. Bustanini hamna: unataka ziwa lenye maji ya kina kifupi na tope laini, tena huota upya kwa mbegu kila mwaka. Mavuno huanza mwishoni mwa Agosti. Mtumbwini huwa wawili: mmoja anasukuma kwa upondo, mwenzake anainamisha mabua kwa fimbo moja na kuyagonga kwa nyingine. Sheria ya jimbo hairuhusu fimbo kuzidi inchi 30, kama sentimita 76, wala uzito wa ratili moja. Punje nyingi huangukia majini, na hizo ndizo mbegu za mwakani.

Halafu mpunga hukaangwa, hukanyagwa kwa miguu yenye viatu laini vya ngozi, na hupetwa kwa sinia la gome. Hapo nikajiona fundi. Ungo naujua tangu utotoni. Nikapokea sinia, nikarusha, na pumba zote zikanirudia usoni. Nilikuwa nimeuelekea upepo.