Namba ya hitilafu: kwa nini taa ya injini hubaki inawaka baada ya kubadilisha sensa

Umenunua sensa, fundi ameifunga, umewasha gari, na ile taa ya njano yenye umbo la injini ipo pale pale kwenye dashibodi. Wenye magari wengi Unguja na Pemba hapo humshuku fundi au muuza spea. Pengine wana haki. Lakini mara nyingi kosa limeanza nyuma, pale mashine ya kusomea kompyuta ya gari ilipochomekwa, ikatoa namba, na namba ile ikasomwa kana kwamba ni jina la kifaa cha kununua.

Namba ya hitilafu ni malalamiko ya kontrolo boksi, yaani kompyuta ya injini. Kompyuta hiyo haiioni sensa. Inachokiona ni umeme unaofika kwenye waya. Umeme ukipungua kuliko kawaida, ukizidi, au ukitulia pale unapotakiwa kupanda na kushuka, inaandika namba na kuwasha taa. Kilichosababisha hali hiyo haikijui. Kukitafuta ni kazi ya fundi.

Chukua P0135, namba inayoonekana sana. Maana yake ni kasoro katika saketi ya hita ya sensa ya oksijeni (ile inayopima oksijeni kwenye moshi), upande wa kwanza, sensa ya kwanza. Upande wa kwanza ni ule wenye silinda namba moja. Gari ndogo kama IST ina upande mmoja tu. Sensa ya kwanza ni ile iliyo kabla ya masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la moshi; ya pili iko baada yake. Neno la kushika hapo ni saketi, yaani njia nzima ya umeme. Sensa hii haisomi vizuri mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 300 za selsiasi, ndiyo ikawekewa hita ndani. Hita inahitaji fyuzi, waya na soketi. Kimoja kikifa, namba ni ile ile. Jamaa yangu wa Chake Chake alibadilisha sensa mara mbili kwa namba hii. Waya ulikuwa umelalia bomba la moshi, ganda likayeyuka, ukawa unagusa bodi na kukata fyuzi. Sensa yake ya mwanzo ilikuwa nzima.

Kwa sisi wa visiwani soketi nazo ni za kuangaliwa kwanza. Gari inayolala karibu na pwani hupigwa na hewa ya chumvi kila siku, na maji ya masika huingia pasipotarajiwa. Ukichomoa soketi ukakuta pini zina kutu ya kijani, hapo umeme haupiti sawasawa, hata sensa iwe imetoka kiwandani leo.

P0171 ni habari nyengine. Yenyewe husema mchanganyiko ni mwembamba: hewa nyingi, petroli kidogo. Anayeleta habari hiyo ni sensa ya oksijeni, basi watu huitoa na kuweka mpya. Mjumbe hauawi. Kama kuna mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya ea klina, sensa ya kupimia hewa imejaa vumbi, au pampu ya petroli imechoka, sensa mpya italeta habari ile ile.

Kuna pia sensa isiyokuwa yake. Kwenye Toyota nyingi ile ya mbele si sensa ya oksijeni ya kawaida, ni ya kupima uwiano wa hewa na petroli. Kwa macho zinafanana, kazi zao ni mbali. Linganisha namba iliyochapwa kwenye sensa ya zamani na ile unayouziwa, hasa ukinunua mtumba.

Sasa, tuseme sensa ilikuwa mbovu kweli na mpya ni sahihi. Taa bado yaweza kuwaka, kwa sababu kompyuta ina kumbukumbu. Kwa kawaida huizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo ambazo imejipima na kukuta mambo sawa, na namba hubaki imeandikwa kwa muda hata baada ya hapo. Safari hapa si kuwasha na kuzima tu. Injini ipate moto, na kipimo kinachohusika kimalizike. Anayekwenda Amani hadi Darajani, kusimama kila hatua, anaweza kupita siku nyingi vipimo havijakamilika. Mwendo mmoja wa kutulia kutoka mjini hadi Nungwi huvisaidia zaidi.

Wengine huchomoa terminali ya betri. Mara nyingi taa huzimika, lakini pamoja na namba umefuta na vile kompyuta ilivyojifunza kuhusu injini yako. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, yaweza kuyumba kwa siku kadhaa. Bora mashine. Mwambie fundi aandike namba kabla ya kufuta, kisha uendeshe, kisha asome tena. Namba ile ile ikirudi mara tu unapowasha, tafuteni kwenye waya, fyuzi, soketi au ubora wa sensa yenyewe. Ikirudi baada ya siku chache, huenda kuna hali kwenye injini ambayo sensa inaisema kwa haki. Ikija namba mpya kabisa, rudini pale palipofanyiwa kazi: pengine kuna mpira haukurudishwa, au soketi ya jirani haikubana.

Yote haya ni ya taa iliyotulia. Taa ikiwa inapepesa, injini inamisi kiasi cha kudhuru: petroli isiyoungua inaingia kwenye masega na kuungulia humo. Punguza mwendo, tafuta pa kuegesha salama, uzime, umwite fundi hapo hapo ulipo.