Maji ya Nanyuki hayajui Ikweta iko wapi

Ukipita Nanyuki, Kenya, penye bango la Ikweta, huenda ukamkuta kijana na beseni lililotobolewa chini. Akisogea hatua chache kaskazini, kijiti cha kiberiti kinachoelea kinazungushwa na maji upande mmoja. Akienda kusini, upande wa pili. Watalii hupiga makofi, wakiamini Ikweta ndiyo inayoyageuza maji. Mchezo mtamu, nami nimeupenda, ila kinachogeuza maji ni mkono wake: namna anavyoyamimina, au anavyogeuka na beseni lake.

Nguvu inayotajwa hapo, ya Coriolis, itokanayo na kuzunguka kwa dunia na kupindisha mwendo wa hewa na maji, ipo kweli. Ndiyo inayofanya vimbunga vya kaskazini vizunguke kinyume na mwendo wa saa, na vya kusini viufuate. Lakini kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita na hudumu siku kadhaa. Beseni huisha maji upesi. Tena penyewe kwenye Ikweta nguvu hiyo ni sufuri!

Ili nguvu hiyo ionekane kwenye chombo kidogo, maji yatulizwe kabisa kwanza. Mwaka 1962 mhandisi Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, aliyaacha maji yatulie saa 24 kwenye tangi la upana wa karibu mita 2, na alipoyafungulia, yakazunguka kinyume na saa. Watafiti wa Sydney, Australia, walipojaribu kwa uangalifu uleule, yakaenda upande wa pili. Maji ya sinki la jikoni kwako hufuata umbo la sinki tu, na jinsi yalivyoingia.