Usiulize Siasa Saa Mbili Asubuhi

Mimi ndiye yule anayepokea simu yako kabla hujaingia hewani. Nakuuliza jina na mtaa, nakuuliza unataka kugusia nini, kisha nakwambia: "Punguza redio iliyo karibu nawe, usikate, ukisikia unaitwa sema." Sauti yangu haisikiki hata siku moja, na nina ami zangu ambao mpaka leo hawajaelewa nalipwa kwa lipi. Huu ni mwaka wa 13 niko upande huu wa kioo, katika redio moja ya Mombasa, kipindi cha asubuhi.

Ninaloulizwa zaidi ni hili: mada mnaitoa wapi? Watu hudhani mtangazaji anaamka nayo kichwani. Kwa kweli tunaigombania. Saa kumi na mbili kasorobo tumeshakaa watatu, chai ya tangawizi, mahamri na mbaazi, magazeti yametandazwa juu ya meza ya mitambo, mahali ambapo kuna karatasi imebandikwa kuwa chakula na magazeti haviruhusiwi. Saa moja na nusu magazeti yanasomwa hewani. Saa mbili na dakika kumi tunatoa swali la siku, na kuanzia hapo mpaka saa tatu kipindi kinakuwa cha mji.

Mimi kanuni yangu ni moja, na wenzangu wameichoka: ukiuliza siasa, watakujibu wanasiasa.

Jaribu kuuliza, "Je, serikali ya kaunti imetimiza ahadi zake?" Taa za simu zitawaka papo hapo, nami nitawajua wote kwa nambari zao kabla hawajasema halo. Hawa ni wapigaji wa kudumu. Mmoja kila siku yuko upande huu, mwingine kila siku yuko upande ule, na wawili nashuku kuna mtu anawatilia kredi. Watazungumza vizuri, kwa mpangilio, na hutatoka na jambo jipya hata moja. Yule mama wa Kisauni aliyewasha redio huku anapepeta mchele hatapiga. Ameulizwa kuhusu serikali ya kaunti, na yeye usemi wake uko kwenye maji.

Basi muulize maji. Siku moja ya ukame niliandika hivi: "Mfereji wako umekauka, wa jirani unatoka. Akikutoza pesa kwa mtungi, je, ni adabu?" Mpigaji wa kwanza alisema maji hayauzwi kwa jirani, ni dhambi. Wa pili akamwambia wa kwanza aje basi amlipie bili. Wa tatu alikuwa hamali wa mkokoteni, akataja bei ya mtungi wa lita 20 mtaa kwa mtaa, kuanzia Bamburi mpaka Likoni, kama anayesoma matokeo ya mpira. Tulipofika kwa mpigaji wa saba, mzee mmoja wa Changamwe, aliuliza kwa nini mji mzima huu unakunywa maji ya wenyewe: chemchemi ya Mzima iko Taita-Taveta, Baricho iko Kilifi, Marere iko Kwale. Nani anamdai nani hapo, na bili yake inapita mikononi mwa nani kabla haijafika kwake? Hilo sasa ndilo lile swali la serikali ya kaunti. Limekuja lenyewe, kwa miguu yake, na limekuja na bei mkononi.

Ujanja huu si wetu. Aliyeufanya kuwa fani ni marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtoto wa Freretown, hapa hapa ng'ambo ya kisiwa. Kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilianza mwaka 1966, akaenda nacho miongo na miongo kwenye redio ya taifa. Muundo wake ulikuwa mwepesi mno. Anakusimulia mtu fulani, bila kumtaja, ambaye amealikwa harusini akaja na watoto sita, au amekaa kwenye matatu akajitanua, au amepokea simu msibani. Anamchora mpaka unamwona. Halafu anakuuliza: je, huu ni ungwana? Unajikuta unajibu peke yako jikoni.

Kuna jambo kuhusu jina la kipindi kile ambalo nadhani wengi wamelipita tu. Zamani hapa Pwani mwungwana hakuwa mtu mwenye adabu kwanza. Alikuwa mtu huru, aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Adabu ilikuja nyuma, kama sifa iliyodhaniwa kuwa mali ya waliozaliwa hivyo. Sasa Freretown ni mji ambao wamisionari waliwakalisha watumwa waliokombolewa, miaka ya 1870, na ukoo wa Mbotela unatokea hapo. Mzao wa waliokombolewa ndiye aliyelichukua neno lile, akalitoa kwenye nasaba, akaliweka kwenye mwenendo: usiniambie umezaliwa wapi, niambie kwenye foleni ya feri ulifanya nini. Mimi sijui kama aliwahi kulikusudia. Lakini alipofariki Februari 2025 ndilo nililolifikiria, wakati wenzangu wakitafuta kanda zake za kutangaza mpira na ile habari ya Agosti 1982, wanajeshi walipomlazimisha kutangaza hewani kwamba serikali imepinduliwa.

Nirudi kwenye simu. Watangazaji vijana hutoka chuoni wakiwa wamefunzwa kwamba salamu ni upotevu wa muda. Mpigaji ana sekunde 90, na mtu wa Pwani anaweza kuzila 30 kwa sabalkheri. Sabalkheri ndugu mtangazaji, sabalkheri fundi mitambo, mwaonaje hali, watu wa huko wazima, na mimi niko hapa Mwembe Tayari nasukuma gurudumu la maisha. Mwenye haraka anaona hamna kitu hapo. Mimi ndipo ninapofanya kazi. Anayeruka salamu na kuanza na "Mimi nataka kusema hivi" amekuja na moto, na kidole changu kinasogea kwenye kitufe cha kukatia sauti. Anayewaulizia watu wa studio mmoja mmoja hatatukana mtu, hata akikasirika, kwa sababu ameshajifunga. Halafu kuna suala la umri. Mtangazaji akisema "Sabalkheri mzee wangu" na akajibiwa "Sabalkheri mwanangu", masharti ya mazungumzo yamekwisha kuandikwa: huyu hawezi kumkatiza yule ila kwa "samahani mzee wangu", na yule hawezi kumvunjia heshima huyu mbele ya mji.

Najua gharama ya kuyavunja kwa sababu niliyavunja mimi. Mwaka wangu wa pili, mzee mmoja alikuwa anasalimu na saa imetubana, nikamwambia mtangazaji masikioni, "Mpeleke kwenye hoja." Kijana wa watu akasema hewani, "Mzee, twende kwa hoja." Ulipita ukimya wa kama sekunde mbili. Mzee akasema, "Hoja yangu imekwisha, baba," akakata. Simu nne zilizofuata hazikugusa mada ya siku. Zote zilikuwa juu yetu.

Mfano ninaoutumia nikifundisha wanaokuja kujifunza kazi ni wa muguka, yale majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa kuchangamsha mwili. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka kuingia na kuuzwa Mombasa, na Kilifi na Taita-Taveta wakafuata. Muguka unalimwa zaidi Embu, huko bara. Siku chache tu Rais William Ruto akakutana na viongozi wa Embu, akasema amri zile hazina nguvu maana sheria ya taifa inautambua muguka kuwa zao, na Mahakama Kuu kule Embu ikazisimamisha. Kwa redio ya Mombasa hii ilikuwa habari kubwa kuliko bajeti.

Siku ya kwanza tulifanya ninachokikataza. Swali: "Unaunga mkono marufuku ya muguka?" Dakika kumi hazikwisha tukawa na "watu wa bara wanatuulia watoto" upande mmoja na "Pwani mnapenda kulalamika" upande wa pili. Ndani ya kila sentensi kabila lilikuwa limejificha, na nyingine halikujificha. Nikamkata mmoja katikati. Nilitoka kazini siku hiyo kichwa kinaniuma.

Usiku nikaandika swali jingine, na asubuhi nikalipigania kuliko siku zote: "Umempita mtoto wa jirani maskani, shavu limefura muguka, bado kijana wa shule. Una haki ya kumwambia ateme?"

Hakuna aliyeitaja Embu kwa robo saa nzima. Bibi mmoja wa Mji wa Kale alisema zamani angemtemesha na kofi juu, kisha mama yake angekuja kushukuru. Leo mama atakuja na polisi. Mwalimu wa madrasa akasema yeye alimwambia mmoja ateme, akaulizwa, "Wewe ni babangu?" naye hakuwa na jibu, kwa kuwa baba wa kijana anamjua, na baba huyo naye anatafuna. Dereva wa tuktuk alieleza, taratibu kabisa, namna anavyoanza na majani saa kumi jioni, bigijii kidogo, ubani ule wa kutafuna, ya kukata uchungu, ili handasi, ule uchangamfu wa majani, imfikishe saa saba ya usiku. Bila hiyo, alisema, hesabu ya mwenye tuktuk haitimii. Ni hesabu ya kiasi gani? Akaitaja.

Kisha akapiga mama anayeuza. Nilimuuliza mara mbili kama yuko tayari kuingia hewani, akasema yuko tayari bora asitajwe. Ana mwavuli, meza, na ndoo ya maji ya kunyunyizia majani yasinyauke, kwani muguka ukilala siku mbili hauna mnunuzi. Alisema: "Huyo mtoto akija kwangu na sare simuuzii. Akienda akivua sare akirudi, mimi nitajuaje? Na wangu wawili karo yao imo humu ndani ya hii ndoo." Bibi wa Mji wa Kale akapiga tena. Nikajua anakuja kumkaripia, nikasita kumpitisha. Nikampitisha. Alimuuliza yule mama kama asubuhi ile amekula chochote.

Siku ile ndiyo nilielewa ule mgogoro: ushuru, sheria, bara na Pwani, vyote vilikuwamo, lakini vimeshikiliwa na watu wenye majina na mitaa. Niliwaelewa mpaka wa Embu, na hakuna wa Embu aliyepiga.

Kuhusu kitufe nilichokitaja: sauti yako inakaa kwenye mtambo sekunde 7 kabla mji haujaisikia, na katika sekunde hizo naweza kuimeza. Nimekibonyeza mara 4 kwa miaka yote hii, tatu kati ya hizo ni matusi ya kawaida tu. Waliokuwa kwenye kazi hii kabla yangu hawacheki wakikiongelea. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tume ya Waki ilipochunguza zile ghasia ilizigusa redio za lugha za kienyeji, na mtangazaji mmoja wa asubuhi, Joshua arap Sang, alisimamishwa mbele ya mahakama ya kimataifa ya jinai kule Hague hadi kesi ilipokatizwa Aprili 2016, bila kumtia hatiani wala kumtangaza kuwa hana hatia. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inakupa uhuru wa kusema na papo hapo inautoa uchochezi na matamshi ya chuki nje ya uhuru huo. Hayo yote nimeyabandika ukutani. Lakini mstari wa kwanza wa ulinzi ni namna swali lilivyoandikwa. Kitufe ni cha siku swali limeharibika.

Siku hizi kinachonisumbua ni sauti za WhatsApp. Wakubwa wanazipenda kwa kuwa hazina hatari: unaisikiliza kwanza, unaikata, unaipiga. Mimi sizipendi kwa sababu hiyo hiyo. Mtu amerekodi, ameondoka, huwezi kumuuliza "ehe, halafu?" Vijana wanatuma sekunde 15 bila hujambo wala sijui nini.

Ila mwezi uliopita tuliuliza kama ni adabu kutuma mchango wa msiba kwa simu na wewe mwenyewe usiende. Ikaja sauti moja kutoka Riyadh, ya dada anayefanya kazi za nyumbani, mmoja katika wale wanaotusikiliza kwa intaneti. Alikuwa ananong'ona, nadhani kulikuwa na watu wamelala. Sekunde 40 nzima alisalimu: sabalkheri studio, sabalkheri Mombasa, mnisalimie mamangu Majengo, mwambieni miguu yangu haijambo sasa, mnisalimie na majirani wote wa pale penye kisima. Kisha jibu: "Babangu mimi nilimzika kwa M-Pesa. Sikuwa na njia nyingine."

Mtangazaji wetu mpya alinitazama kupitia kioo, akafanya vidole kama mkasi: tukate mwanzo? Nikatikisa kichwa.