Methadoni si unga uliobadilishwa jina

Watu wengi husema anayekunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hajaacha unga, amehama tu kutoka uteja mmoja kwenda mwingine. Dai hili lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi: methadoni nayo ni ya jamii ya opioidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama heroini, na mwili huizoea. Ikikatishwa ghafla, arosto, yaani mateso ya mwili kuikosa dawa, huja vilevile.

Ila mwili kuzoea dawa si sawa na uraibu. Heroini hupanda kwa kasi na kuisha baada ya saa chache, hivyo mtu huamka akiwa tayari anaisaka. Methadoni hupanda taratibu na hufanya kazi siku nzima. Kikombe kidogo kimoja, mara nyingi kinachonywewa mbele ya muuguzi, huzuia makamasi, kuharisha na maumivu ya mifupa, na siku inabaki kwa kazi au watoto. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Wapo wanaoinywa miaka mingi, na hilo si kushindwa. Kinachonitia hofu zaidi ni ndugu wanaoshinikiza mgonjwa aachishwe methadoni haraka. Akirudia heroini baadaye, mwili haustahimili tena kiwango cha zamani, kinaweza kumuua.