Kilomita 400 za nani?

Kila darasa jipya la rada, kabla sijafuta ubao, lazima mmoja aniambie: “Mwalimu, S-400 ina kilomita 400, kwa hiyo humo hakipiti kitu.” Nimechoka nayo.

Hizo 400 ni za kombora moja tu, 40N6, kati ya aina kadhaa zinazorushwa na mtambo huo wa Kirusi wa kuangusha ndege na makombora, tena kwa ndege iliyo juu sana. Rada haioni nyuma ya mgongo wa dunia. Aliyekulia pwani anajua: jahazi likirudi huonekana tanga kwanza, mwili wake baadaye. Sasa chukua antena iliyoinuliwa mita 25, na kombora linaloambaa mita 50 juu ya ardhi tambarare. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5, cha 50 ni 7 na kidogo. Jumlisha, zidisha kwa 4.12, kizidishi cha kanuni ya upeo wa rada. Kilomita 50 hivi. Likiwepo kilima katikati, hata hizo huzipati. Kombora la mita 250 kwa sekunde huzimaliza kwa dakika tatu na ushei, na ndani ya muda huo wahudumu waligundue, watambue ni la nani, waamue, wafyatue. Ndiyo maana Pantsir, mtambo wa masafa mafupi, huwekwa jirani na S-400, na rada nyingine hupandishwa milingotini au ndegeni. Mwanafunzi wangu huuliza kimo cha shabaha kwanza. Anayeanza na masafa amesoma brosha.

Eti mitambo ya zamani ni chuma chakavu. Tarehe 27 Machi 1999, F-117 ya Marekani, iliyoundwa ikwepe rada, iliangushwa Serbia na S-125, mfumo wa makombora wa Kisovieti wa miaka ya 1960. Wahudumu waliijua kazi yao, basi.

Eti kombora lazima liigonge ndege. S-75, kombora la Kisovieti, iliyoiangusha U-2, ndege ya upelelezi ya Marekani iliyorushwa na Gary Powers, mwaka 1960 ililipuka karibu nayo tu. PAC-3, kombora la mtambo wa Marekani uitwao Patriot, ndiyo hugonga.

Na “kompyuta haikosei”? Dhahran, Saudi Arabia, 25 Februari 1991: Patriot ilikuwa imewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Kosa dogo la kuhesabu muda lilikuwa limejilimbikiza hadi theluthi ya sekunde, rada ikaitafuta Scud, kombora la Iraq, mahali isipokuwapo. Wanajeshi 28 wa Marekani walikufa. Kuzima na kuwasha upya kungelifuta kosa hilo. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake.