Mafua ya Mzio na Baridi Yabisi: Yanayosemwa Goma na Yanayojulikana

Jina la baridi yabisi lenyewe hutupotosha kabla hatujafika kwa daktari. Hapa Goma, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kando ya Ziwa Kivu, asubuhi huwa na ubaridi, na mtu anayepiga chafya huku vidole vyake vimevimba huambiwa kwamba baridi imemshuka kutoka puani hadi kwenye viungo. Haishuki. Baridi yabisi hutokea kinga ya mwili inapoushambulia utando laini wa viungo kana kwamba ni adui. Hali ya hewa yaweza kuzidisha maumivu, lakini haianzishi ugonjwa. Mafua ya mzio nayo ni kazi ya kinga, ila kwa njia nyingine: antibodi za IgE, yaani protini za kinga zilizotambuliwa miaka ya 1960, hunasa vitu kama chavua au kinyesi cha utitiri wa vumbi, kisha seli za puani humwaga histamini, kemikali iletayo mwasho, chafya na kamasi nyepesi.

Wala si kila chafya ya Goma ni mzio. Vumbi jeusi la mawe ya volkano ya Nyiragongo na moshi wa makala huchokoza pua ya yeyote.

Kwa kuwa magonjwa yote mawili yanahusu kinga, wako wanaohitimisha kwamba mwenye mzio lazima ataishia kwenye baridi yabisi; wengine hudai kinyume chake, kwamba mzio ni ngao. Dai hili la pili lina historia. Mwaka 1986 wanasayansi walieleza makundi mawili ya seli saidizi za kinga, na baadaye ikadhaniwa kwamba lile la mzio likipata nguvu, lile lililohusishwa na baridi yabisi hudhoofika. Mwili umeonekana kuwa na mambo mengi kuliko mizani hiyo. Matokeo ya tafiti yametofautiana, na baadhi yake, ukiwemo utafiti wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani uliochapishwa 2019, yameonyesha kwamba historia ya mzio hupatikana zaidi kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Hata hivyo, kuandamana si kusababishana, na wengi wenye mzio hawataugua viungo kamwe, kwani baridi yabisi huwapata takriban mtu 1 kati ya 100 au pungufu, wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume.

Dhana inayonihuzunisha zaidi ni ile ya dawa. Jirani yangu mmoja wa Majengo, mama wa makamo, alikuwa akinunua vidonge vidogo vyeupe vya deksamethasoni vilivyofungwa katika kipande cha karatasi, bila cheti cha daktari. Pua ilikauka, vidole vikalegea, naye akaamini kwamba dawa moja ikituliza vyote, basi ugonjwa ni mmoja. Dawa za jamii hiyo hutuliza uvimbe wa aina nyingi. Mwaka 1948 daktari Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic walimpa kotisoni, dawa ya jamii hiyo hiyo, mgonjwa wa baridi yabisi, na baada ya siku chache akaweza kutembea vizuri. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Lakini dawa hizo zikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na hufungulia mlango maambukizi, na kuziacha ghafla pia ni hatari. Dawa za kuzuia histamini hazitibu viungo, na methotreksati, ambayo hupunguza kasi ya baridi yabisi, hunywewa mara moja kwa wiki chini ya uangalizi wa daktari.

Wengine husema kipimo cha damu kikitoka safi, viungo ni vizima. Wapo wagonjwa ambao vipimo vyao havionyeshi kitu, na wazima ambao vyao huonyesha. Ukakamavu wa asubuhi unaozidi nusu saa, na uvimbe wa viungo vidogo vya mikono yote miwili kwa wiki sita, vinatosha kumpeleka mtu hospitali mapema, kabla mifupa haijaliwa. Jirani yangu hakuweza tena kufungua kifuniko cha bidoni ya maji kabla ya saa nne asubuhi. Daktari huanza kwa kubonyeza vifundo vya vidole, kimoja baada ya kingine, na katika miezi yote ya vidonge vile hakuna aliyekuwa amemgusa mikono.