Umekuja kwa Macho, Kwa Nini Tunakupima Moyo?

Malalamiko yameongezeka katika kitengo chetu cha ushauri wa vinasaba. Mtu ameletwa kwa sababu lenzi ya jicho imehama mahali pake, naye anaandikiwa eko ya moyo, yaani kipimo cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti. Anaona anazungushwa. Hazungushwi.

Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini, na protini hutumika popote mwili unapoihitaji. Jeni ya FBN1, iliyoko kwenye kromosomu ya 15, hutengeneza fibrilini. Fibrilini imo katika nyuzi zinazoshikilia lenzi ya jicho, imo katika ukuta wa aota, yaani mshipa mkuu utokao moyoni, na huchangia kudhibiti urefu wa mifupa. Ikiwa na hitilafu, mtu huweza kurefuka kupita kiasi, lenzi ikahama, na aota ikatanuka kimyakimya. Huo ndio ugonjwa wa Marfan. Tunamwomba mgonjwa akunje kidole gumba ndani ya ngumi. Kucha ikichomoza upande wa kidole cha mwisho, tunauliza habari za moyo. Ishara hiyo peke yake haithibitishi ugonjwa, kwa hiyo tafadhali msipimane nyumbani mkatangaziana maradhi.

Kwa kuwa jeni moja hugusa viungo vingi, tuache kusema “jeni ya urefu”, “jeni ya akili”. Tumelieleza hili mara nyingi mno. Hata selimundu, ugonjwa wa damu unaotokana na herufi moja tu iliyobadilika kwenye jeni ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, huumiza mifupa, bandama na figo, na huweza kuleta kiharusi. Ilhali aliyerithi nakala moja tu ya jeni hiyo iliyobadilika, si mbili, hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali.

Kuhusu vipimo: fomu ya ridhaa husomwa, huelezwa, kisha husainiwa kabla damu haijatolewa, si baada. Jina kwenye chupa lilingane na la kwenye fomu, herufi kwa herufi. Sampuli ya ndugu iliyochukuliwa bila yeye kujua hukataliwa, na mtumishi atakayeipokea huchukuliwa hatua za nidhamu. Historia ya ukoo iwe ya vizazi vitatu. Tutajieni hasa waliofariki ghafla wakiwa vijana.

Mzazi mwenye Marfan ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto anayemzaa, na dalili hazilingani hata ndani ya nyumba moja. Baba anaweza kusumbuliwa na macho, binti akawa na aota iliyotanuka huku anaona vizuri kabisa. Huyo binti naye mleteni.